Mwenye Kunyamaza wa Kabondo

Kabondo, Kisangani, 11 Februari 2024

Mjukuu wangu Nasra, bibi yangu mdogo,

Leo naanza na lile nililolificha, salamu zitafuata, kwa maana nikianza na salamu nitapata mahali pa kujificha tena. Ni hivi: miaka yote ambayo watu wa mji huu wamenisifu kwa kunyamaza katikati ya maneno, sikuwa nikifikiri.

Nimelisema. Sasa salaam aleikum. Sisi hapa tupo. Mama yako mzima, bado anauza lituma, ndizi zake za kuponda, mbele ya shule na bado anagombana na wenye pikipiki wanaomtimulia vumbi kwenye sufuria. Mimi miguu imevimba. Daktari, kijana mwenye sauti laini, alinieleza habari ya moyo wangu polepole mno, akitua kila baada ya maneno mawili, hata nikamshukuru na kumwombea baraka. Nilipofika nyumbani ndipo nikaelewa kwamba aliniambia nitakufa. Kijana yule atafika mbali.

Simu usinipigie. Sikio la kulia limefunga duka, la kushoto linafungua likipenda. Niandikie, macho bado ni yangu.

Sasa shida yenyewe. Mdogo wako Moussa anamtaka Émilie, binti wa Papa Léon, mwuza samaki wa Yanonge. Unajua desturi: familia ya mwanaume haiendi kupiga kelele yote pamoja, inakwenda na mdomo mmoja, msemaji. Katika ukoo wetu mdomo huo nimekuwa mimi tangu baba yako hajazaliwa. Safari hii miguu ilikataa kupanda mtumbwi, tukamtuma mwanangu, tonton wako Daudi.

Daudi anauza chaji za simu sokoni. Alisimama mbele ya Papa Léon akamnadi Moussa kama anavyonadi chaji: ana nguvu, anadumu, hapati moto. Papa Léon akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na garantie iko?" Watu wakacheka mpaka mbuzi wetu wa posa akakata kamba. Baada ya kicheko mzee akauliza swali lake la kweli: binti yake ni Mkristo, sisi ni Waislamu, je, siku ya Noël, Krismasi yao, binti atakuwa wapi? Daudi akajibu kwa kasi ileile, na hakuna aliyejua amejibu nini. Wakaambiwa warudi na mtu mwingine. Na wakikosea tena, basi, kuna kijana wa Isangi anayengoja nyuma ya mlango.

Moussa hali chakula. Jana aliosha shati moja mara mbili.

Tumekaa, tumekuchagua wewe. Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu baba yako, wewe ndiye mwalimu. Njoo mwezi wa tano. Tatizo lako ni moja: unasema haraka, kama mke wangu, koko yako Karima, Mungu amrehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Nitakufundisha.

Mume wako mzee,
Feruzi


Bafwasende, 3 Machi 2024

Koko wangu, mume wangu asiye na meno,

Wa aleikum salaam. Barua yako imefika ndani ya lori la mafuta ya mawese na inanukia mchuzi. Mimi mzima. Mvua ni nyingi, barabara imekuwa ziwa, na nusu ya wanafunzi wangu wamekwenda kutafuta dhahabu. Waliobaki wananiambia madame, nenda polepole, kalamu inashika moto.

Habari ya moyo wako mama alikuwa amenificha. Nimeisoma nikakaa kitandani. Sitaandika zaidi juu ya hilo leo, na wewe usijifanye unacheka.

Kwenda Yanonge nimekubali, lakini ninaogopa. Jibu la Noël ninalo, limenijia palepale niliposoma: Noël ni ya mama yake. Moussa atampeleka Émilie mwenyewe, atakaa naye pale mpaka sikukuu iishe, na watoto wao wataijua njia ya Yanonge kabla ya kuijua njia ya shule. Bon, si ni jibu zuri? Nililisema darasani kwa walimu wenzangu. Mmoja akadhani nauza kitu, akaniuliza, "Umesema bei gani?"

Sasa nijibu mimi. Kama hukuwa ukifikiri, ulikuwa ukifanya nini? Nakumbuka kilio cha baba, siku tuliyomzika. Ulisimama ukasema sentensi moja, ukanyamaza, na wanaume wazima wakaanza kulia kabla hujarudi kusema. Nilikuwa mdogo, nikadhani unaongea na malaika. Nimewauliza watu. Mwenye nyumba wangu anasema una kigugumizi ulichokificha. Mimi nadhani ni meno, uliogopa yatoke. Donc, ni lipi?

Bibi yako mdogo,
Nasra


Kabondo, 2 Aprili 2024

Bibi yangu mdogo,

Ramadhani njema kwako. Mimi daktari amenikataza kufunga, kwa hiyo nakula mchana nikiwa nimejificha nyuma ya pazia kama mwizi, na mama yako anajifanya haoni. Barua yako ilikaa njiani, lori lilizama matopeni. Moussa amekonda. Émilie alimtumia samaki wa moshi, naye hamli, anamwangalia tu. Paka amekwisha kujua ratiba yake.

Si meno. Wakati ule meno yangu yalikuwa yote mahali pake. Si kigugumizi pia. Usiniulize tena, tuna kazi.

Nisikilize. Watu hawasikii maneno kwanza. Wanaona kwanza namna mtu anavyosimama, kisha wanasikia mwendo wa sauti, na maneno yanafika mwisho kabisa, kama mgeni aliyekosa toleka, baiskeli ya abiria, akaja kwa miguu. Nilipokuwa mwalimu, niliwahi kujaribu jambo moja la utundu. Palikuwa na harusi ya jirani, nikaombwa neno. Nikasimama. Nikasema, polepole, "Jana mvua ilinyesha." Nikatulia. Nikasema, "Leo haikunyesha." Nikaketi. Sikuwa na maana yoyote, bibi yangu, nilikuwa na njaa na nilitaka chakula kiletwe. Mzee mmoja alinifuata mpaka barabarani akanishika mkono: "Mwalimu, ile ya mvua imeniingia." Akaniambia maana yake, na ilikuwa maana nzuri. Mpaka leo nikimkuta msikitini ananitazama kama tuna siri.

Kwa hiyo fanya hivi. Usisimame mara unapoitwa. Acha wakuite tena, uwe kama mtu aliyekuwa mbali. Panga kitenge chako. Salimia wazee, kisha wanawake. Sauti ianzie tumboni. Sema sentensi moja, kisha funga mdomo. Ndani ya kimya hicho usitazame chini, mtazame Papa Léon kwenye kipaji cha uso. Utahisi kama unakufa. Usiogope, hakuna anayekufa pale. Kisha sema ya pili.

Jibu lako la Noël ni zuri. Ni zuri kupita yote niliyowahi kuyasema mimi mwenyewe. Liseme polepole tu.

Feruzi


Bafwasende, 12 Mei 2024

Koko,

Salamu zote kwako na kwa mama. Nilipita Kabondo nikirudi kutoka Yanonge, nikakukuta umelala, mama akasema usiamshwe. Ukweli ni kwamba nilifurahia usingizi wako, maana nisingejua nikutazameje. Sasa nimefika shuleni, nakueleza.

Nilifanya yote. Sikusimama haraka. Nilipanga kitenge. Nilisalimia wazee, kisha wanawake, sauti ikitoka tumboni. Nikasema, "Papa Léon, tumekuja kwa sababu mtoto wetu amepotea hapa kwenu, na hataki kupatikana." Watu wakacheka vizuri. Nikafunga mdomo. Nikamtazama mzee kwenye kipaji cha uso.

Koko, palepale dada yake Papa Léon, mama mnene mwenye kilemba cha kijani, akasema kwa wenzake, "Mutoto amesahau. Mumupe maji." Wakaniletea maji. Nikakataa kwa mkono, bado nimenyamaza, maana hukunifundisha la kufanya nikiletewa maji. Wakadhani nimezidiwa. Wanawake wakaanza kuimba na kupiga makofi kunisaidia, mmoja akaja kunifuta jasho ambalo sikuwa nalo. Papa Léon akasema kwa huruma, "Iko na haya. Muache akae."

Hapo nilikasirika, na nikikasirika unanijua. Nilisema yote kwa pumzi moja: Noël ni ya mama yake, Moussa atampeleka mwenyewe, watoto wataijua njia. Nilisema neno kwa neno kama nilivyokuandikia. Papa Léon akageuka kwa watu wake: "Huyu naye ni pikipiki yenye kukosa freni."

Kisha akasema, na hakusema kwa ubaya: "Zamani nilialikwa kwenye ndoa moja kule Kisangani. Familia yenu iko na muzee mwenye kunyamaza. Mutuletee ule. Kama hawezi, basi."

Émilie alikuwa mlangoni akilia. Moussa alikaa mtumbwini amegeukia Yanonge mpaka tukafika.

Kimya chako mimi hakinitoshi. Wewe ukinyamaza wanaona busara, mimi nikinyamaza wanaleta maji. Nikisema haraka pia ni kosa. Sasa niseme vipi?

Nasra


Kabondo, 26 Mei 2024

Bibi yangu,

Sisi wazima, mama yako anakusalimu, samaki wameshuka bei. Nimesoma barua yako mara nyingi, na mara ya kwanza nilicheka sana pale penye maji. Mara zilizofuata sikucheka.

Nitakwenda Yanonge. Daktari amekataa, mama yako amekataa, Daudi ameshapata godoro la kuweka ndani ya mtumbwi. Njoo mapema mwezi wa sita, shule ikikuruhusu.

Sharti moja. Utakaa nyuma yangu, upande wa kushoto, karibu kabisa, pale alipokuwa akikaa koko yako Karima. Usiniulize kwa nini. Ni mazoea tu ya mzee.

Feruzi


Bafwasende, 30 Juni 2024

Koko wangu, mume wangu,

Natumaini umepumzika na miguu imepungua uvimbe. Tabaski, Idi ya kuchinja, tuliisali uwanjani, mvua ikatukuta katikati. Wanafunzi wanafanya mitihani, nasikia kalamu zao wakati nakuandikia.

Mama ameniandikia kwamba unauliza watu walisema nini kule Yanonge, kwa kuwa hukusikia. Nitakueleza, ingawa ni ajabu kumweleza mtu siku aliyoifanya mwenyewe.

Walikutoa mtumbwini na kiti chako. Papa Léon alivua kofia. Ukasaidiwa kusimama, ukasalimia wazee, kisha wanawake. Ukasema, "Papa Léon, mtoto wetu anampenda mtoto wenu." Kisha ukanyamaza.

Koko, hukuwahi kunyamaza namna ile. Kuku alipita katikati ya wazee, akatazama kulia, akarudi. Hakuna aliyekohoa. Yule mama wa kilemba cha kijani alikuwa na bilauri ya maji mkononi, akaishika tu. Papa Léon aliinama mbele mpaka nikadhani atateleza kwenye kiti. Mimi niliona fimbo yako imeanza kuinama, nikadhani moyo umekushinda. Nikaweka mdomo kwenye sikio lako la kushoto, nikasema kwa haraka yangu, "Sema basi, watu wanangoja, mwambie Noël ni ya mama yake."

Uligeuka ukanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Ulifurahi kwanza, furaha ya kijana, kisha ikakutoka usoni, na macho yako yakajaa. Halafu ukawageukia wao, ukanionyesha kwa mkono, ukasema, "Yeye. Mumusikilize yeye." Ukaketi.

Nikasimama. Nilisema neno kwa neno yale niliyosema mwezi wa tano. Kwa mwendo wangu, maana sikuweza kwenda polepole. Noël ni ya mama yake. Moussa atampeleka mwenyewe. Watoto wataijua njia ya Yanonge kabla ya njia ya shule. Papa Léon alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Mumesikia? Hayo ni maneno mazito." Mama wa kilemba cha kijani akalia, kisha akanywa yale maji yeye mwenyewe.

Basi, ni hivyo. Ndoa ni mwezi wa nane. Moussa anakula, mama anasema paka amekasirika.

Nafurahi, na nina hasira pia. Maneno ni yaleyale, Koko. Mwezi wa tano nilikuwa pikipiki. Yanonge yote sasa inasema kwamba mzee alimkopesha mjukuu wake kimya chake, kwamba ulingoja mpaka watu wakaiva, kisha ukanitoa. Ulipanga tangu mwanzo? Na lile la kwanza kabisa, la ulichokuwa ukifanya ukinyamaza, ulilonikatalia tangu mwezi wa nne, bado nalingoja. Mama anasema sasa unalala mchana kutwa. Usilale nalo.

Nasra


Kabondo, 21 Julai 2024

Bibi yangu mdogo,

Salamu ni fupi leo kwa kuwa pumzi ni fupi. Mama yako mzima. Moussa amenunua viatu vyenye kulia, tunamsikia akitoka chooni. Yaani wao wanamsikia, mimi naona tu mama yako akicheka. Naandika mistari michache, napumzika, nashika tena kalamu. Ukiona mwandiko umebadilika, ndipo nilipolala.

Mara ya kwanza kuombwa kusema nilikuwa kijana, nimetoka kuoa. Palikuwa na ndoa ya binamu yangu, na wazee wakaniteua kwa sababu nilikuwa na diploma. Nilisimama, nikasalimia, na kila kitu kikanitoka kichwani. Karima alikuwa ameketi nyuma yangu, kushoto. Akajifunika mdomo kwa kitenge, akanitupia sentensi moja, haraka, kama anavyomfukuza mbuzi. Nikaisema. Niliisema polepole kwa sababu niliogopa kuikosea. Kisha nikanyamaza, nikingoja ya pili. Akanipa ya pili.

Tulipomaliza, mzee wa upande wa pili akasema, "Huyu kijana anafikiri kabla ya kusema." Wakaniletea kiti chenye mgongo. Karima wakamwambia aende kutazama sufuria.

Basi ikawa hivyo, bibi yangu, maisha yote. Kwenye ndoa, kwenye vilio, kwenye magomvi ya mipaka ya viwanja. Kwenye kilio cha baba yako pia, pale ulipodhani naongea na malaika. Alikuwa Karima, mama yake. Alikuwa akilia na kunipa maneno, na mimi nikangoja mpaka aweze tena.

Ile ya mvua ilikuwa yangu mwenyewe. Siku hiyo alikuwa mgonjwa, hakuja. Sasa unajua maneno yangu ya kichwani yalivyo.

Tulikuwa tukicheka nyumbani. Alikuwa akiiga namna ninavyofumba macho. Aliniambia, "Nikisema mimi watasema huyu mwanamke iko na mudomo. Ukisema wewe wanaleta kiti. Basi kaa, uniletee nyama." Na nilikuwa nikimletea nyama ya wazee, nimeifunga kwenye jani.

Lakini kuna siku hatukucheka. Palikuwa na ugomvi wa ndugu wawili juu ya nyumba ya baba yao. Karima alichoka kuninong'oneza, akasimama akasema mwenyewe, wazi, jinsi nyumba ile ingegawanywa bila mtu kutoka. Wanaume wakaguna. Mmoja akasema, "Redio imefunguliwa." Wakacheka, na mimi nilitabasamu pamoja nao. Kisha wakanigeukia: Mwalimu, wewe unaonaje? Nikanyamaza vizuri, nikasema maneno yake yaleyale. Wakapiga makofi. Karima alitangulia mbele yangu njia yote mpaka nyumbani, na mimi ndiye niliyeletewa kiti.

Aliendelea kukaa nyuma yangu baada ya hapo. Sikumwomba msamaha kwa sababu sikujua kusema jambo ambalo hakuniambia nilisemeje.

Kwa hiyo siku ya ndoa ya Moussa usimame, uwaambie watu wote maneno yalikuwa ya nani. Sema kwa mwendo wako. Wakikuletea maji, kunywa, uendelee. Mama wa kilemba cha kijani akae mbele. Mimi kama nitakuwepo nitakuwa kwenye kiti, nikinyamaza, hilo naweza. Kama sitakuwepo, waonyeshe barua hii.

Unauliza kama nilipanga. Yanonge waache waamini wanavyopenda, lakini wewe hapana. Nilisimama nikasema lile moja nililokuwa nalo, kisha nikafunga mdomo kama kawaida, na upande wangu wa kushoto palikuwa na mtu, nilimhisi. Ana miaka minne kaburini, na pale Yanonge, mbele ya watu wote, mimi nilisahau. Sikuwa nikikukopesha kitu. Ulipoweka mdomo sikioni mwangu na kunikemea, sauti ilikuwa ni yake, haraka ileile, nikageuka kwa furaha nikakukuta wewe.

Kimya kile chote, bibi yangu, nilikuwa ninamngoja Karima aniambie la kusema.